Koki Iliyokuwa Ikivuja

Wewe unayenisikiliza, kama umewahi kupita karibu na transfoma ya umeme ukaisikia ikivuma, basi tayari unajua nusu ya jambo ninalotaka kukueleza. Wengi hudhani ule mvumo ni umeme wenyewe unapita. Sivyo. Ni chuma kilichomo ndani. Nguvu ya sumaku inapokipitia, chuma hujinyoosha kidogo mno, kisha hujirudi, kisha hujinyoosha tena, mara nyingi katika kila sekunde, na masikio yetu huisikia safari hiyo fupi kama mvumo. Usiogope kama hukusoma fizikia. Nimefundisha somo hilo mpaka nikastaafu, na sijakutana na mtu asiyeweza kulielewa hili akipewa muda wa kukaa nalo. Mimi mwenyewe, mwenye shahada ya ualimu, sikulijua mpaka nilipoelezwa na mwalimu mwenzangu, tumesimama nje ya ukuta wa mitambo ya umeme Sumbawanga mjini, jioni moja ya baridi, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Alisema, "Leokadia, sikiliza. Chuma kinapumua." Mtu huyo aliitwa Desideri, na Julai iliyopita tumemzika kwao Mwazye.

Sikwenda msibani nikiwa na nia ya kuandika chochote. Nilikwenda na blanketi langu na kilo chache za mchele, nikakaa na wanawake kwenye mikeka ndani ya nyumba, upepo wa kipupwe ukisukuma bati juu yetu. Waliokuwa nje walimzungumzia Desideri wa Namanyere, mwenye duka la misumari na vyuma, mtu mpole, fundi wa redio, asiyekopesha wala kugombana. Hakuna aliyemtaja yule niliyemfahamu mimi. Kisha mama yake, ambaye sasa ni bibi kizee asiyeona vizuri, akaanza kuwasimulia wenzake habari ya siku moja aliyomsaidia mwanawe kazini, na nilipomsikia nikasogea karibu naye. Nitakufikisha kwenye maneno yake. Kwanza uujue mwaka wenyewe.

Tulipanga wote wawili kwa Mama Oresta, mjane aliyeuza chai na maandazi karibu na stendi. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na vyumba vyetu vilitazamana uani, na jiko lilikuwa kibanda cha pembeni ambacho kila mtu alikimbilia kuanzia mwezi wa tano, baridi ya Ufipa ilipoanza kuuma. Tulikula humo, magoti yamekaribia moto: ugali wa ulezi mweusi unaokaa tumboni mpaka kesho yake, maharage, na siku ambazo basi la kutoka Kasanga lilifika mapema, migebuka ya Ziwa Tanganyika. Kulikuwa na mambo mengi mapya ya kuongelea. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa kufuli na mbele yake watu wanapanga mitumba. Mabasi yalikuwa ya watu binafsi, yamepakwa rangi na majina ya kujisifu. Vijana waliokuja kunywa chai walisalimiana mambo na poa, na redio za kaseti zilipigwa kila kona. Mama Oresta aliita yote hayo kwa neno moja, ruksa, na hukuweza kujua kama anasifu au analaani.

Desideri alikuja katikati ya hayo akiwa amechelewa kila kitu. Alikuwa amesomea metali katika Umoja wa Kisovieti, akabakiza mwaka mmoja amalize shahada yake ya juu, na nchi iliyokuwa ikimsomesha ikavunjika akiwa ndani yake. Akarudi. Taasisi ya serikali iliyokuwa imeahidi kumpokea ilikuwa inapunguza watu. Akarudi tena, mpaka kwao, akapata vipindi vya fizikia katika shule niliyofundisha mimi. Mtaani walimwita Mrusi. Wanafunzi walimwita Profesa, si kwa heshima. Alikuja na sanduku ambalo mtu mwingine angelijaza nguo, na ndani yake mlikuwa na vijiti vya kupashia tanuri joto, mirija ya kauri iliyofungwa kwa soksi, na kopo la maziwa ya unga lililojaa mafuta ya taa. Chini ya mafuta hayo kulikuwa na vipande vya metali vya kijivu, kama konzi moja hivi ukivikusanya. Vilikaa kwenye mafuta ya taa kwa sababu hewa huvila.

Mama Oresta ndiye aliyeuliza ni nini. Desideri akaeleza, na nitakupa maelezo yake jinsi yalivyokuwa, maana mpaka leo sijapata mazuri zaidi. Chuma cha kawaida, alisema, hujinyoosha kidogo kiasi kwamba huwezi kukitumia kwa kazi yoyote zaidi ya kupiga kelele. Lakini kuna metali adimu, moja inaitwa tebiamu, ambayo ukiichanganya na chuma hujinyoosha mara nyingi zaidi. Shida yake ni ukaidi. Inataka sumaku kubwa sana ndipo ikubali kugeuka. Kuna nyingine inaitwa disprosiamu, nayo hujinyoosha, nayo ni kaidi, ila ukaidi wake unavuta upande wa pili. Akamuuliza Mama Oresta kama amewaona Wasukuma waliohamia bondeni wakilima kwa maksai. Ng'ombe mmoja ana tabia ya kuvutia kulia, mwingine kushoto. Kila mmoja peke yake anakuharibia shamba. Ukiwafunga nira moja, tabia zao zinauana, na nguvu za wote wawili zinabaki kwenye jembe.

"Na wakipishana nguvu?" Mama Oresta akauliza.

"Ndipo penye kazi yangu. Kujua umfunge nani na nani, na kwa kiasi gani."

"Basi ungeshuka kwa Wasukuma. Wangekufundisha bure, na ungerudi na maziwa."

Tulicheka, na Desideri alicheka kuliko sisi. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya miaka yote kule: kutafuta uwiano. Ukiongeza tebiamu kidogo, aloi, yaani huo mchanganyiko wa metali, inafanya kazi vizuri zaidi kwenye baridi. Ukiipunguza, inapenda joto. Yeye alikuwa amepata uwiano wake, wa kutumika chini ya bahari zenye baridi, kwenye vyombo vya kupeleka sauti majini, na konzi ile moja ya vipande ndani ya kopo ndiyo aloi yote ya uwiano huo iliyokuwapo duniani. Mwalimu wake wa zamani, aliyekuwa amehamia nchi nyingine na kupata maabara, alimwambia hivi: njoo na fimbo moja nzima ya aloi yako, inayojinyoosha kwa sumaku ndogo, nami nitakuombea nafasi umalize. Nafasi yenyewe ilikuwa ya mwaka ule tu. Vipande havikutosha. Ilitakiwa fimbo.

Kwa nini fimbo? Subiri kidogo, hapa ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wakichoka, na si pagumu. Metali yoyote ni punje nyingi ndogo zinazoitwa fuwele. Ukiimwaga na kuiacha ipoe hovyo, punje hukaa kila moja inatazama kwake, kama mahindi yaliyopukuchuliwa ndani ya gunia. Sumaku ikija, kila punje inajinyoosha upande wake, zinasukumana, na faida inapotea. Desideri alitaka ziwe kama hindi ambalo halijapukuchuliwa, punje zote zimejipanga kwa mstari. Njia ya kuzipanga ni kuyeyusha metali ndani ya mrija uliosimama, kisha kuipoza kuanzia chini kwenda juu, polepole mno, bila kusimama, bila kutikisa. Punje za chini zikiganda vizuri, za juu yake huzifuata. Ukisimama, mpangilio unakatika. Ukirudi nyuma, umeyeyusha ulichojenga. Ni hayo tu. Watu wamepata shahada kubwa kwa kufanya hayo tu vizuri.

Kabla ya yote alitaka kutuonyesha kwamba hatudanganyi. Jumapili moja alichukua kipande kirefu kuliko vingine, kama kidole cha mtoto, akakifunga ndani ya koili aliyoisuka kwa waya wa mota iliyoungua, akaunganisha na betri ya lori. Ncha ya kipande iliegemea kijiti, na kwenye kijiti alibandika kioo kidogo alichokikata kutoka kioo changu cha kujitazamia, na kwenye kioo akaelekeza mwanga wa jua uliopita tundu la dirisha. Ukutani pakawa na doa la mwanga. Mama Oresta aliketi kitandani kwangu mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Desideri akagusa waya. Doa likaruka juu, upana wa kiganja. Akaachia, likashuka. Akaeleza kwamba chuma chenyewe kimeongezeka chini ya unene wa unywele, na kioo ndicho kinachokuza. Doa likapanda, likashuka. Mama Oresta akalitazama kwa muda, kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba Desideri amesoma miaka yote hiyo ili doa lipande ukutani, na yeye ana watoto ambao hawakusoma na doa lao halijawahi kupanda wala kushuka, kwa hiyo hajui amsifu nani. Alivyotoka alisimama mlangoni akaomba aone mara moja tena.

Desideri alihitaji karakana ya kutengenezea fimbo, na mwenye nayo alikuwa Bruda Anselmi, Mfipa mnene mcheshi, katika misheni moja njia ya kwenda Kaengesa. Karakana yake ilikuwa na vitu viwili ambavyo mji mzima haukuwa navyo: umeme wa maji kutoka kijito chao wenyewe, ambao haukukatika kwa mgao, na mtungi wa gesi ya agoni aliotumia kuchomelea aluminiamu. Metali za Desideri zisingeweza kuyeyushwa kwenye hewa, zingeungua. Ilibidi ziyeyukie ndani ya gesi ile. Mtungi ulikuwa mmoja, umeshatumika, na mwingine ungetoka Dar es Salaam siku usiyoijua. Bruda alizunguka tanuri tulilolijenga kwa udongo wa kinzani usioyeyuka kwa moto, dogo, si kubwa kuliko ndoo, akasema kwamba mababu zetu hapa Ufipa walichoma mawe wakapata jembe, na sisi tuna jembe tayari, tunalichoma tupate nini. Desideri akamjibu kwamba tupate jembe linalojinyoosha lenyewe. Bruda akasema hilo angelinunua, mgongo wake ulikuwa unamuuma.

Tulikwenda huko kila Jumamosi, miezi yote ya baridi, kwa baiskeli au kwa lori la mkaa. Nilikuwa nashika hiki, nafunga kile. Kubwa lililomsumbua lilikuwa mwendo. Hakuwa na mashine ya kusogeza tanuri kwa mwendo wa kivuli cha mti, au ulio karibu na huo. Akatumia maji. Mrija wenye metali ulisimama palepale, haukuguswa. Tanuri ndilo lililokuwa lipande juu, taratibu, likiuacha mrija nyuma yake upoe kuanzia chini. Kamba ilitoka kwenye tanuri, ikapita juu ya kapi, ikatoka dirishani, ikapita juu ya kapi jingine, ikaishia kwenye boya zito lililoelea ndani ya pipa la maji lililosimama nje. Pipa lilikuwa na koki. Ukiifungua kidogo, maji yanadondoka tone kwa tone, maji yanashuka, boya linashuka, tanuri linapanda. Bruda hakutaka pipa ndani, penye umeme. Kwa hiyo likakaa nje, ukutani, penye kivuli, na ndoo chini ya koki ili ua usigeuke tope. Tulijaribu kwa risasi na kwa zinki. Ilifanya kazi vizuri hivi kwamba Desideri alikaa akitazama matone kama watu wengine wanavyotazama watoto wao wakila.

Siku yenyewe ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa kumi, wakati nyanda zote zimekauka rangi ya mkate na watu wanachoma nyasi mbali huko mpaka jua linakuwa jekundu mchana. Maji yalikuwa taabu. Hata misheni walichota kijitoni kwa zamu, na asubuhi ile tulipanga foleni ya ndoo kulijaza pipa. Mama yake Desideri alikuwa amekuja usiku wa kuamkia siku ile kutoka Mwazye, na kuku wawili aliowachemsha kwao, ugali wa ulezi uliofungwa kwenye kitambaa, na karanga. Mwanawe alikuwa amemwambia anakaribia kuondoka tena kwenda mbali kama kazi ya siku ile ikifaulu, naye mama alitaka kuiona kazi hiyo. Alikuwa mama mwenye mikono mipana, asiyesema sana mbele ya wageni. Alibeba ndoo pamoja nasi kutoka kijitoni, nyingi kuliko mimi, kichwani, bila kushika. Alipomaliza alikaa kwenye kigogo nje ya karakana, kando ya pipa, akaanza kubangua karanga.

Ndani tulifunga mrija, tukapitisha gesi, tukawasha. Metali yote ilikuwa humo. Kopo lilibaki na mafuta ya taa peke yake. Ilipoyeyuka, Desideri alitoka nje akafungua koki kwa vidole viwili, akasikiliza tone, akarekebisha, akasikiliza tena. Tanuri likaanza kupanda. Hukuweza kuliona likipanda, kama usivyoweza kuuona mshale wa saa; uliweka alama ya chaki, ukatazama kando, ukarudi, na alama ilikuwa imeachwa. Asubuhi ikapita hivyo. Kwa chaki zetu, zaidi ya nusu ya fimbo ilikuwa imeshaganda. Desideri alisema jambo moja tu, kwamba amesahau jinsi inavyokuwa kutokuwa na wasiwasi.

Kisha umeme ukaanza kulegea. Taa zikawa za njano. Bruda akajua mara moja: majani na nyasi zilizoungua zimeziba mdomo wa mfereji, huko juu kijitoni, jambo la kawaida mwezi wa kumi. Tanuri lilikuwa bado lina joto la kutosha kwa muda kidogo. Ilihitajika mikono yote kusafisha haraka wavu wa kuchuja takataka. Tulitoka mbio watatu. Desideri akapita mbele ya mama yake akamwambia, "Mama, tunakuja sasa hivi. Asiingie mtu humo ndani." Akajibu kwamba hataingia mtu. Akasogeza kigogo chake mpaka mlangoni.

Hakuingia mtu. Tulisafisha wavu, maji yakapita, na tukiwa bado kijitoni tulisikia mtambo ukishika sauti yake. Tulirudi tumelowa mpaka kiunoni, Bruda akitania kwamba sasa tunanuka kama kambare. Mama alikuwa mlangoni, mikono magotini. Alipomwona mwanawe alisimama.

"Baba, koki yenu ilikuwa inavuja. Nimeikaza. Na maji yaliyokuwa kwenye ndoo nimeyarudisha pipani, hayajapotea."

Umeelewa kilichotokea? Kwa mtu wa nyanda hizi, aliyelelewa kuchota maji mbali, tone linaloanguka kiangazi ni jambo la kunyanyukia. Hata mgeni nyumbani kwa watu hunyanyuka na kukaza koki. Alikuwa amebeba maji yale kichwani asubuhi ileile. Aliisikia ikidondoka asubuhi nzima pembeni yake, akatuonea huruma, vijana wenye haraka wasioona koki yao inavuja. Na alipoyamimina maji ya ndoo pipani, boya lilipanda, na tanuri ndani lilishuka, kwa utulivu kabisa, likaifunika tena fimbo iliyokwisha kuganda, likaanza kuiyeyusha upya.

Bruda alifungua kinywa. Desideri alimtazama, na Bruda akakifunga. Sijaona mtazamo kama ule tena, na nimewahi kukaa na watu kwenye magumu. Kisha Desideri akamgeukia mama yake akasema, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayepokea sahani, "Asante, mama. Umetusaidia sana. Sisi tungeacha yote yamwagike."

Akaingia ndani. Tukaanza upya, kwa sababu hapakuwa na la kufanya zaidi. Lakini metali ile ikikaa muda mrefu imeyeyuka huanza kuula mrija, na kila dakika tebiamu na disprosiamu zinapungua, kwa hiyo hata ule uwiano wake, nira yake ya miaka mingi, ulikuwa unafunguka tukiutazama. Gesi ilikuwa inakwisha. Akafungua koki zaidi ili amalize kabla mtungi haujaisha, na mwendo ukawa wa haraka kuliko inavyotakiwa, naye akilijua hilo. Mama aliuliza kutoka nje kama imevuja tena. Akamjibu kwamba sasa tunayahamisha maji kwa makusudi, asijali. Mama aliposikia hivyo akaandaa chakula. Tulikula kuku juu ya meza ya karakana, kati ya nyundo na koleo, na mama akamchagulia mwanawe paja. Alilila lote. Alitafuna polepole, akasifu chumvi, akaomba ugali zaidi. Mimi nilidonoadonoa tu, na mama akanicheka, akasema wasichana wa mjini wanakula kama wagonjwa.

Fimbo ilitoka na ukoko mweusi. Ilikatika vipande vitatu tulipoigonga kuitoa kwenye mrija, na mahali ilipokatika paling'aa ovyo, punje zikitazama kila upande, mahindi ya gunia. Jumapili ya pili yake alifunga kipande kirefu kwenye koili, chumbani kwangu, doa la mwanga likiwa ukutani. Akagusa waya. Doa lilitetemeka pale lilipokuwa. Mama Oresta, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la maandazi, alisubiri lipande, akasubiri, kisha akaliweka sinia kitandani kwangu akaondoka.

Nilimuuliza Desideri mara moja tu, tukiwa jikoni, kama atamwambia mama yake. Akaniuliza, amwambie nini. Kwamba ukikaza koki inayodondoka unafanya vibaya? Akasema alikuwa ameueleza mtambo ule kwa Bruda, kwangu, kwa Mama Oresta, kwa wanafunzi waliokuwa wakimcheka, hata kwa dereva wa lori la mkaa. Mama yake tu ndiye hakumweleza. Aliona atamchosha. "Nilimwambia asiingie mtu," akasema, "na hakuingia mtu." Akachukua kijiti akachokoa moto. Nafasi ile kule nje ilikwenda kwa mtu mwingine, na aloi nyingine zikatengenezwa na watu wengine, nzuri kuliko yake, ningependa kuamini. Mwaka uliofuata aliacha shule akahamia Namanyere, akaanza na mitumba, kisha misumari. Nilimtembelea mara kadhaa. Alikuwa na mke na watoto na kaunta safi. Hakuzungumzia fimbo tena, na nilipoleta habari za fizikia alinisikiliza kama unavyosikiliza habari za mtaa uliouhama.

Nimewaambia wanafunzi wangu maishani kwamba kazi iliyoharibika inafundisha. Kwa kazi nyingi ni kweli, na ningekuwa nadanganya kama ningesema hivyo hapa. Ile haikumfundisha mtu kitu. Desideri alijua kila jambo tangu mwanzo.

Sasa turudi kwenye mkeka, Mwazye. Bibi alikuwa anawaambia wanawake kwamba mwanawe alisoma sana, alikuwa anatengeneza chuma kinachopumua, na kwamba siku moja alikwenda kumwona kazini. Akasema walikuwa vijana wenye akili nyingi lakini hawaoni mambo ya chini. Pipa lao lilikuwa linavuja, kiangazi, maji yenyewe yamebebwa kichwani, na wao wako ndani. Akaikaza koki, akayarudisha maji. Mwanawe alimshukuru mbele ya Bruda na mbele ya mwalimu, na kila alipokuja nyumbani tangu siku hiyo alimtania kwamba mama ndiye fundi wake. Wanawake wakacheka kidogo, kwa ule upole wa msibani. Mmoja akasema ndiyo faida ya kuwa na mzazi. Bibi akanyoosha mkono akitafuta nilipo, akanipata goti.

"Mwalimu alikuwepo. Mwalimu, waambie."

Nilikuwa na miaka thelathini ya kueleza mambo. Naweza kumweleza mtu yeyote transfoma, maksai, hindi, boya na kapi. Wote waligeuka kunitazama, na nje walikuwa wanapigilia misumari ya sanduku, misumari ya dukani kwake.

"Ni kweli," nikasema. "Nilikuwepo. Koki ilikuwa inavuja, na mama aliikaza."

Akanipapasa goti, akaridhika, akaanza kuulizia chai ya wageni.

Hayo ndiyo niliyotaka usikie. Sasa, kama unataka kuiona fuwele ikikua, huhitaji tanuri. Chemsha maji kikombe kimoja, koroga chumvi mpaka isiyeyuke tena, mimina maji yaliyo juu kwenye gilasi safi. Funga uzi kwenye kijiti, ulaze kijiti juu ya gilasi, uzi uning'inie majini. Iweke mahali penye kivuli pasipotikiswa, uiache siku kadhaa. Na kabla hujatoka, waite wote waliomo nyumbani, hata yule unayedhani utamchosha, uwaonyeshe gilasi na kuwaeleza unangoja nini.